Pesa Zilizofia Mkononi

Mnunuzi wa kwanza alikuja na mchele wake mfukoni. Kuja Ubaruku na mchele ni kama kwenda Mwanza na dagaa, na bibi alianza kucheka kabla hata hajamwonyesha kigoda cha kukalia. Mgeni hakujali. Alitandika kitambaa cheupe juu ya mkeka, akaweka rupia moja ya babu katikati, akaizungushia punje za mchele, kisha akatuomba tunyamaze.

"Rupia halisi ya Mjerumani huvuta mchele," alisema kwa sauti ya chini. "Ikivuta hata punje moja, mama, umaskini umekwisha humu ndani."

Tukasubiri. Aliyefanikiwa kuusogeza mchele siku ile ni kuku wa jirani, aliyekatiza mkekani na kula punje nne kabla ya kufukuzwa. Mgeni akasema rupia yetu imelala, na kwamba Mbeya kuna mtaalamu wa kuziamsha kwa ada ya shilingi 150,000. Tulipoikataa ada akabadili kibao: kukaa na sarafu za kale nyumbani ni kosa, serikali ikijua mtafungwa, afadhali mniachie mimi kwa laki moja zote.

"Mchele wa hapa hauvutwi na Mjerumani," bibi alimwambia akimsindikiza hadi barabarani. "Unavutwa na lori."

Baadaye nilisoma kwamba India nako polisi wamewahi kukamata watu wanaouza vyombo vya shaba na sarafu kwa madai hayohayo ya kuvuta mchele. Sijui kwa nini nilijisikia vizuri. Labda kwa sababu ujinga wa dunia nzima unapungua uzito ukigawanywa.

Ilikuwa mwezi wa nne, mpunga umeanza kutoa masuke, na pampu ya baba mdogo ilikuwa imekufa. Majaruba yetu yako mkiani mwa mfereji. Walio juu wakishamwagilia, yanayotufikia ni tope na maneno, kwa hiyo bila pampu hakuna mavuno. Injini ya mkono wa pili ilikuwa shilingi 850,000. Baba mdogo alikuwa na kama nusu yake, tena kwa mkopo wa kikundi. Ndipo alipolikumbuka kopo.

Babu alifariki mwaka juzi. Aliacha baiskeli, redio, ekari mbili na kopo kubwa la Africafe lililojaa sarafu. Kopo hilo nalijua tangu utoto. Tulikuwa tunaruhusiwa kulitikisa lakini si kulifungua. Baba mdogo alinipigia simu chuoni, Dar es Salaam, ambako nasoma shahada ya uzamili ya historia. "Mwanangu, wewe ndiye unasomea mambo ya zamani. Njoo utuambie hizi ni shilingi ngapi." Miaka miwili ya semina, na hilo ndilo swali la kwanza nililoulizwa na nyumbani kwetu kuhusu taaluma yangu. Sikuwa na jibu lake.

Nilipofika nililimwaga kopo mkekani, nikapanga mafungu.

Fungu la kwanza lilikuwa la shaba nyekundu: heller ndogondogo na pesa tatu zilizosuguka. Pesa hizo zilitolewa na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1890. Kampuni, si serikali. Upande mmoja una tai wa Kaisari na jina la kampuni kwa Kijerumani, upande wa pili una maandishi ya Kiarabu, kwa sababu mfanyabiashara wa pwani aliyetakiwa kuiamini sarafu hiyo alisoma Kiarabu. Pesa 64 zilifanya rupia moja, hesabu iliyotoka India. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ikabadilisha, rupia moja ikawa heller 100. Heller yenyewe ilikufa zamani, ila jina lake tumebaki nalo midomoni. Kila unapomwambia mtu huna hela, unataja senti ya Kaisari Wilhelm wa Pili.

Fungu la sarafu zenye tundu lilikuwa kubwa kuliko yote: senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki, nyingine zikiwa bado zimetungwa kwenye uzi wa katani. Kati yake nilikuta senti kumi ya mwaka 1936 yenye jina la Edward wa Nane, mfalme aliyejiuzulu Desemba ya mwaka huohuo. Moyo ulinidunda. Nyumbani kwake Uingereza hakuwahi kutolewa rasmi kwenye sarafu za matumizi; huku kwetu alitoka, kwa kuwa sarafu yenye tundu haina nafasi ya sura, ina jina tu, na jina huchongwa upesi. Nikatafuta bei mtandaoni. Kumbe zilitengenezwa kwa mamilioni, na bei yake haifiki ya soda mbili.

Kulikuwa na shilingi za simba, zilizokuja nyumbani na kaka yake babu aliyechimba dhahabu Lupa, kule Chunya. Kulikuwa na sarafu za mwaka 1966, za kwanza za Benki Kuu yetu: senti tano yenye samaki, senti ishirini yenye mbuni, senti hamsini yenye sungura, shilingi yenye mkono ulioshika mwenge. Ubavuni mwa kichwa cha Nyerere imeandikwa Rais wa Kwanza. Hilo limekuwa likinishangaza siku zote. Mtu yuko madarakani, miaka michache tu baada ya uhuru, na fedha yake mwenyewe inamhesabu kama wa kwanza katika orodha.

Na kulikuwa na kipande kimoja kibaya, cha shaba ya njano, pembe zake hazijakaa sawa: heller 20, taji, mwaka 1916, herufi D.O.A. na T. Hiyo T ni Tabora. Vitani, meli za Uingereza zilikuwa zimefunga bahari, sarafu haziingii kutoka Ujerumani, na watu walikuwa wanaificha fedha halisi majumbani. Serikali ikachapisha noti za muda, ambazo raia hawakuzipenda, kisha ikageuza karakana ya reli ya Tabora kuwa kiwanda cha sarafu. Shaba ilipatikana pamoja na maganda ya risasi na mizinga. Huko huko zikapigwa rupia 15 za dhahabu ya Sekenke zenye tembo, ambazo kila dalali niliyempigia simu aliziulizia kwa hamu kabla hata ya kunisalimia. Hatukuwa nayo. Tulikuwa na ya ganda la mzinga.

Sarafu ya Tabora inafikaje Usangu? Wabelgiji waliingia Tabora Septemba 1916, na kikosi cha Jenerali Wahle kikaondoka kuelekea kusini-mashariki kutafuta kuungana na jeshi la Lettow-Vorbeck. Kilipigana kuzunguka Iringa na Malangali, na sehemu yake moja ikajisalimisha Ilembule mwezi Novemba. Ilembule si mbali na kwetu. Askari waliotembea njia ile walilipwa kwa hizo shaba za njano, na askari mwenye njaa hununua chakula. Siwezi kuiapia safari ya kipande kimoja, lakini kama ningelazimika kuweka dau, ningeliweka hapo.

Nimechelewesha fungu la rupia kwa makusudi, kwa sababu ndilo lililotugombanisha.

Zilikuwa kumi na moja. Mbili zilikuwa huru ndani ya kopo. Tisa zilikuwa zimefungwa kwenye kipande cha kitambaa kilichokauka mpaka kikawa kama ngozi. Upande mmoja Kaisari amevaa kofia ya chuma yenye tai, na Kilatini kinamwita Guilelmus II Imperator. Upande wa pili, zile za kabla ya 1904 zina simba na mnazi wa kampuni, zile za baadaye zina neno Deutsch Ostafrika. Rupia moja ikiwa mpya ina gramu 11.66, na sehemu 917 kati ya elfu ni fedha. Nilizibeba zote kumi na moja mpaka kwa sonara mmoja mjini Mbeya. Mizani yake ilisoma gramu 125. Akanipa bei ya kuyeyusha, shilingi 1,500 kwa gramu, nikapiga hesabu: 187,500. Magunia mawili ya mpunga, hayafiki matatu.

Baba mdogo hakuniamini. Alidhani nimekula njama na sonara, au kwamba chuo kimenilegeza akili. Watu wa kizazi chake wamekua wakisikia kwamba Mjerumani alizika mali kila mahali, chini ya kila mbuyu na nyuma ya kila boma, na kwamba siku moja atarudi mjukuu wake na ramani. Nilimweleza kwamba thamani ya sarafu hutokana na uchache na usafi wake, kwamba rupia zilizosuguka ziko nyingi duniani. Alinisikiliza, kisha akasema, "Kwa hiyo mzee alikuwa anatunza takataka?"

Hilo liliniuma. Usiku ule nikafungua kompyuta, nikatengeneza jedwali: mwaka, uzito, alama ya kiwanda, hali. Juu yake nikaandika MKUSANYIKO WA BABU. Nilikuwa najenga hoja ya kutouza. Nilitaka kuonyesha kwamba kopo hili zima lina thamani kuliko vipande vyake, kwamba ni historia ya Usangu katika shaba na fedha. Nilikuwa nimekwisha kutunga hata barua ya kuipelekea makumbusho, ile ya Boma la Iringa au ya Taifa kule Dar. Niliifungua pia Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ili nimjibu yule mtu wa mchele: kitu cha kale kinachohamishika, kwa tafsiri ya sheria hiyo, ni kilichotengenezwa kabla ya 1863. Sarafu yetu kongwe ni ya 1890. Hatukuwa wahalifu.

Asubuhi bibi akanikuta nahesabu tena. Huniita mume wangu, kama bibi wengi wanavyowaita wajukuu wa kiume.

"Mume wangu, unaandika nini?"

Nikamsomea kichwa cha jedwali.

"Nani kakwambia babu yako alikuwa anakusanya?"

Alikaa mkekani akazigusa zile shilingi za simba moja moja. Akasema pesa ilipobadilishwa, baada ya uhuru, babu alikuwa na akiba ndani ya paa, kwenye mtungi. Habari zilimfikia kwa kuchelewa. Alipozipeleka dukani, mwenye duka akakubali baadhi kwa nusu ya thamani na kuzikataa nyingine. Babu akarudi na zilizokataliwa, akazitia kwenye kopo, hakuzizungumzia tena. "Hizi siyo alizozipenda," bibi alisema. "Hizi ni zilizomfia mkononi."

Nikamwuliza kuhusu kile kitambaa. Hilo alilisikia kwa mama mkwe wake, yaani mama yake babu, naye alilikuta nyumbani alipoolewa. Baba yake babu alikuwa na nyumba tatu, kila mke na yake. Rupia tatu kwa kila nyumba, tatu mara tatu. Zilitengwa kwa ajili ya kodi. Mwenye kudai akakimbia kwa sababu ya vita, akaja mwingine, na huyo mwingine akataka pesa nyingine.

Nimesoma juu ya kodi ya nyumba. Najua kwamba Wajerumani waliitangaza 1897, ikaanza kukusanywa 1898, kwamba vijijini ilianzia rupia tatu, kwamba mwanzoni watu waliweza kulipa kwa mazao au kwa kazi, na kwamba lengo lake halikuwa kujaza hazina tu, bali kumsukuma mtu atoke kijijini akatafute sarafu mahali zilipo, kwa Mzungu. Nimeyaandika hayo kwenye mtihani na kupata alama nzuri. Lakini sikuwahi kuiona kodi ikiwa imefungwa kwenye kitambaa. Nikarudi kwenye jedwali langu. Katika zile tisa, ya zamani zaidi ni ya 1891 na mpya zaidi ni ya 1913. Fundo lile, basi, lilifungwa mwaka 1913 au baada yake, na vita ilianza Agosti 1914. Maneno ya mama mkwe wa bibi na tarehe za Kaisari yalikuwa yanasema kitu kimoja.

Kuna jambo jingine ambalo Msangu akisimulia habari hizi hapaswi kulirukia. Wahehe walipompiga Zelewski pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, sisi hatukuwa upande wao. Merere wetu alikuwa amefukuzwa Usangu na Wahehe, na Wajerumani walipokuja aliwaona kama njia ya kurudi nyumbani. Alirudi. Mkwawa alipoteza Kalenga mwaka 1894, akaishi porini akiwindwa, akiwa ametangaziwa bei ya rupia 5,000 kichwani, mpaka alipojiua Julai 1898. Mwaka huohuo kodi ikaanza. Rupia 5,000 kwa rupia tatu ni kodi ya nyumba 1,666. Najua hesabu hiyo haithibitishi chochote. Niliipiga tu kwa sababu rupia zilikuwa mbele yangu, na yenye simba na mnazi ya 1891 ilikuwa na umri sawa na vita ya Lugalo. Tulimsaidia mtu kurudi nchini, akaja na mtoza kodi. Marafiki zangu wa Iringa hunitania kwa hilo mpaka leo, na sina la kujibu isipokuwa kucheka.

Kwa hiyo sasa hoja yangu ya kutouza ilikuwa na nguvu maradufu. Fundo zima, na simulizi lake, na tarehe zinazokubaliana! Mwanahistoria anaweza kumaliza maisha asipate ushahidi kama huo. Nilimweleza bibi kwa shauku, nikitegemea ataniunga mkono dhidi ya baba mdogo.

Bibi akafikiri. Nje baba mdogo alikuwa anaifungua injini ya pampu kwa mara ya tano, kana kwamba ingeona aibu na kupona.

"Zilitengwa zitoke," alisema. "Hazikutoka. Miaka yote hii zimekaa humu zikingoja kulipa kitu. Sasa wewe unataka ziendelee kungoja?"

"Lakini bibi, zikitawanyika, hakuna atakayejua zilikuwa za nini."

"Wewe si umekwisha kujua? Andika."

Nilikasirika, sitaficha. Nilikwenda kutembea kando ya mfereji mpaka kwenye mashine za kukoboa, nikijiambia kwamba ni rahisi kwa mtu ambaye hajasoma kusema andika, kama kwamba karatasi ni sawa na kitu chenyewe. Kisha nikaona jinsi wazo hilo lilivyo baya, nikarudi. Mwenye fundo ni yeye. Yeye ndiye aliyelitunza bila kulifungua, kwa neno la mama mkwe tu, katika miaka ambayo gramu mia za fedha zingeweza kununua sukari.

Tuliuza tisa. Hatukumuuzia sonara; mwenzangu mmoja chuoni alinikutanisha na mstaafu wa Dar anayekusanya sarafu za Kijerumani, naye alitoa shilingi 50,000 kwa kila moja, na 80,000 kwa ile ya 1891. Jumla 480,000. Kabla ya kuzituma nilizipima moja moja, nikazipiga picha pande zote mbili, nikaandika hata mikwaruzo. Nilimwomba anunue zote tisa pamoja na asizitenganishe. Alisema atajaribu. Nilimtumia pia ukurasa mmoja wenye simulizi la bibi, auweke pamoja nazo, na sina njia ya kujua kama ameuweka.

Injini ilinunuliwa. Maji yalifika majarubani siku ya tatu, yakiwa na rangi ya chai. Mavuno hayakuwa makubwa, ila yalirudisha mkopo wa kikundi na kubakiza ya kula. Baba mdogo sasa anasema sikuzote alijua rupia zile zina thamani.

Kopo limerudi kabatini, lina rupia mbili, Edward wake, ganda la mzinga la Tabora, na zile zilizokataliwa. Zenye tundu bibi amezitunga upya kwenye uzi wa nailoni kwa sababu ule wa katani ulikatika nilipokuwa nahesabu.

Kitambaa hatukukiuza, mnunuzi hakukiuliza. Nilikikunjua pole pole juu ya meza, na ndani yake kulikuwa na madoa meusi ya mviringo mahali fedha ilipolala, nikahesabu, saba yanaonekana wazi na mawili yamepandana. Bibi alikuwa amekitenga akifue, apate cha kushikia sufuria. Nimemwomba asikifue.